Nafasi Moja ya Kwenda Tanga

Jumatatu, tarehe 7 Agosti 1905

Leo nimeingia shule ya boma. Wanafunzi kumi na saba, banda moja la nyasi, ubao mmoja mweusi. Mwalimu wetu anaitwa Bakili, mtu wa pwani, kanzu yake ni nyeupe kuliko kitu chochote hapa Songea. Baada ya salamu ametueleza habari iliyonileta. Mwisho wa mwezi kutakuwa na mtihani, na mwanafunzi mmoja atapelekwa Tanga, kwenye shule kubwa, na akirudi atakuwa karani wa boma. Mmoja tu. Wengine kumi na sita watarudi kulima.

Niliwatazama hao kumi na sita. Niliwaonea huruma.

Maana mimi, Majaliwa wa Daimu, nimekaa chuoni kwetu Tunduru miaka saba. Juzuu zote thelathini nimezipitia. Herufi za Kiarabu naziandika mbio, kama hizi ninazoandika hapa. Wenzangu wengine hawajui hata kalamu inashikwa upande gani.

Mwalimu akauliza nani anajua kuandika. Nikasimama kabla ya wote. Akaniita ubaoni, akaandika jina langu kwa herufi za Kizungu, akaniambia niliandike tena chini yake. Nilipomaliza darasa zima lilikuwa linacheka. Nimeandika kutoka kulia kwenda kushoto. Mwalimu akasema amefundisha Tanga, amefundisha Pangani, lakini hajapata kuona jina linalotembea kinyumenyume.

Aliyefuta ubao ni kijana wa Maposeni, anaitwa Makarius. Mngoni. Amebatizwa na mapadri na herufi za Kizungu anazijua tangu utotoni. Anakaa mstari wa mbele. Yeye hakucheka. Hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Jumatano, tarehe 9 Agosti

Nimefikiri siku mbili. Nimegundua jambo. Kufaulu si kujua, kufaulu ni kujulikana. Mwalimu lazima anijue.

Nimempelekea kuku. Kuku mwenyewe ni wa shangazi Biasha, dada wa marehemu baba, ninayekaa kwake hapa nyuma ya boma. Ni mjane wa askari. Anauza uji wa ulezi, na askari wanamwogopa kuliko wakubwa wao. Sikumwomba ruhusa. Angekataa, na kumfanya shangazi akatae ni kumvunjia heshima.

Mwalimu alimpokea kuku kwa mikono miwili. Akaniuliza jina langu, akalirudia mara mbili. Nikaona mambo yamekaa sawa. Tulipoingia darasani kila swali gumu akaniita mimi. Majaliwa, saba mara nane. Majaliwa, soma mstari huu. Majaliwa, herufi hii inaitwaje. Katika wanafunzi wote jina alilolikariri ni langu peke yake. Nimesimama tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

Jioni shangazi akahesabu kuku wake. Nikasema labda ni mwewe. Akauliza kama ni mwewe huyo huyo aliyeifungua kamba mguuni mwa kuku, akaikunja, akaitundika kwenye msumari wake. Leo sikupewa uji.

Jumanne, tarehe 15 Agosti

Mgongo unaniuma. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Bwana mkubwa wa boma hutembelea shule kila Jumanne. Nilipanga kumsalimu kwa Kijerumani. Hakuna mwanafunzi anayekijua Kijerumani, hata Makarius, maana mapadri wamemfundisha sala tu. Nikamwendea ombasha Iddi, askari anayekunywa uji kwa shangazi kila siku. Nikamwomba neno moja la heshima, lile ambalo Wazungu wenyewe wanalitumia. Iddi akafikiri sana. Akasema liko neno wanaloambiwa na Bwana mkubwa kila asubuhi, na wakishaambiwa husimama wima kwa adabu. Nikaridhika kwamba hiyo ndiyo shikamoo yao. Nimelikariri siku nne.

Leo Bwana mkubwa ameingia. Nikasimama, nikajaza kifua hewa, nikasema kwa sauti ya kiume: Shtilgeshtanden.

Uwanjani nje ya banda askari walikuwa wanapakua mizigo ya msafara. Wote walisimama wima kama nguzo, mikono ubavuni. Waliokuwa wamebeba masanduku waliyaachia. Sanduku moja lilikuwa la chupa za Bwana mkubwa.

Viboko kumi. Iddi ndiye aliyeambiwa anichape, na hakunipunguzia hata kimoja, maana sanduku la chupa lilikuwa begani kwake yeye.

Jioni Makarius amekuja nyumbani na mafuta ya nyonyo kwenye kibuyu. Amenipaka mgongoni mwenyewe. Shangazi amempa bakuli la uji, kubwa kuliko langu. Amemuuliza ana mama, ana ndugu. Akajibu ana mama, ana dada anaitwa Theodosia, na baba yake ni Mzee Gama, aliyekuwa mtu wa vita zamani na sasa macho yamemwingia ukungu. Shangazi akasema mtoto huyu amelelewa. Alisema hivyo akinitazama mimi.

Jumatatu, tarehe 21 Agosti

Siku sita sasa Makarius ananifundisha. Baada ya darasa tunakaa nyuma ya banda, ananichorea herufi mchangani kwa kijiti. Nimeanza kusoma mistari miwili mitatu bila kukwama. Mwandiko wangu, mwenyewe amekiri, ni mzuri kuliko wake. Herufi zangu zimesimama kama askari wa gwaride. Zake zinalala.

Sifurahi. Mtu anayekufundisha bure anakuambia kila siku kwamba yeye anajua na wewe hujui.

Leo nilimuuliza kwa nini ananisaidia na hali nafasi ni moja.

"Wewe unaandika vizuri, mimi nasoma vizuri," alisema. "Hata akienda mmoja, yule anayebaki asibaki mjinga."

Nikamuuliza yeye Tanga anaitakia nini. Nilidhani atasema kanzu, au mshahara.

"Mwaka juzi ilikuja barua ya boma kwa mkubwa wetu," alisema. "Mimi nilikuwa kwa mapadri, na nyumbani hapakuwa na aliyeweza kuisoma. Askari akasema imeandikwa watu arobaini waende kubeba mizigo mpaka Kilwa. Baba akaenda, na wazee wenzake. Tisa hawakurudi. Baadaye mapadri wakaisoma. Ilikuwa imeandikwa watu kumi na wanne."

Nikamwambia kweli hiyo ni habari ya kusikitisha. Moyoni nikaona kwamba mtu mwenye sababu kama hiyo hatashindwa kwa urahisi. Lazima nipate njia nyingine.

Jumapili, tarehe 27 Agosti

Njia nimeipata.

Tangu Ijumaa wanawake kisimani wananong'ona. Wamekuja watu kutoka upande wa Liwale na dawa ya maji. Ukiyanywa, risasi ya Mzungu ikikugusa inageuka maji. Watu wanayanywa kila mahali, wanajiandaa. Mimi sina haja ya vita. Lakini nilikaa nikapima. Kama maji haya yanaweza kuigeuza risasi, kitu cha chuma kinachokwenda mbio namna ile, yatashindwaje na maswali ya Mwalimu Bakili? Mtihani ni Alhamisi.

Asubuhi nikamwambia shangazi naenda kutafuta kuni. Nikaenda Mshangano, penye mashamba ya ulezi, nikawakuta wamekusanyika bondeni. Mtu wa dawa alikuwa mwembamba, ana kikohozi. Akaitazama kofia yangu, akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikasema Tunduru. Akasema hata huko yatafika. Tukapanga mstari. Mbele yangu kulikuwa na mzee mwenye ukungu machoni, anapapasa kibuyu. Akanywa. Nikanywa mimi, wa mwisho. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Maji yalikuwa na ladha ya mtama na tope. Tukapewa miiko: usilale na mwanamke, usichukue mali ya mtu, usitazame nyuma.

Wakati huo nikasikia mtu anakuja mbio. Makarius. Hakuja kunywa. Alimshika yule mzee mkono, akamwomba kwa Kingoni waondoke, akamsihi, na machozi yakamtoka. Mzee akamjibu kwamba yeye ni mtu mzima na amebeba mizigo ya kutosha. Ndipo nilipotambua kwamba huyo ndiye Mzee Gama.

Makarius aliniona. Akatazama kibuyu, akatazama mdomo wangu ulioloa. Aliondoka peke yake, akishika njia ya Maposeni.

Nikarudi bila kuni. Lakini kichwa ni chepesi kabisa. Tangu leo sisomi tena. Kusoma ni kuonyesha kwamba huna imani na dawa.

Alhamisi, tarehe 31 Agosti

Wa kumi na nne kati ya kumi na saba.

Katika hesabu maswali hayakugeuka maji. Mimi ndiye niliyegeuka maji. Mwandiko tu ndio uliosifiwa, Mwalimu akasema ni mwandiko mzuri uliobeba uongo. Wa kwanza ni Makarius. Atakwenda Tanga na msafara utakaoondoka mwezi ujao. Mwalimu amempa mkono mbele ya watu wote, na Bwana mkubwa naye amempa mkono.

Jioni nilikwenda Mshangano kulalamika. Mtu wa dawa alikuwa amekwishaondoka. Nilimkuta mwanamke mmoja anapalilia, akaniuliza kama siku ile nilipokuwa narudi nilitazama nyuma. Nikasema nilitazama mara moja, kuona kama Makarius ananifuata. Akasema basi. Akaendelea kupalilia.

Kumbe hata kushindwa kwangu ni kazi ya Makarius.

Jumatatu, tarehe 18 Septemba

Sijaandika kwa siku nyingi. Kuna vita.

Maduka ya Waarabu yamechomwa. Nyumba ya mapadri imechomwa. Banda letu la shule limeungua pamoja na ubao. Mimi na shangazi tuko ndani ya ukuta wa boma pamoja na wake za askari, tumebanana kama mahindi ghalani. Mwalimu Bakili aliondoka na kundi la kwanza lililokimbilia pwani. Amechukua kanzu zake zote. Karani wa boma amekufa kwa homa. Makarius hajaonekana. Msafara wa Tanga haupo tena.

Wangoni walikuja juzi wakiwa wamejifunga mabua ya mtama, wanapiga kelele, maji, maji. Niliwaona kupitia tundu la ukuta. Walikuja wima. Wazungu waliwasubiri na bombomu, ile bunduki inayotema risasi mfululizo bila kupumzika. Haikuchukua muda mrefu. Baadaye uwanja ulikuwa kimya, na shangazi alikuwa amejifunika kanga kichwani.

Nimepatwa na baridi tangu siku ile. Ombasha Iddi anasema aliyekunywa maji, hata kama hakushika mkuki, ni adui wa boma. Nimesukutua mdomo mara ngapi sijui. Shangazi ameniuliza nina nini. Nikamwambia jino.

Jumatatu, tarehe 13 Novemba

Leo Mungu amenikumbuka. Mimi ni karani.

Imekuwa hivi. Askari walimkamata mtu mmoja mwenye jeraha. Kabla hajafa alisema kwamba mwezi wa nane, siku ya Jumapili, watu kumi na mmoja walikunywa dawa bondeni Mshangano. Majina hakuyataja. Bwana mkubwa anayataka. Iddi akamwambia yupo kijana aliyekuwa mwanafunzi, anaandika vizuri na anawajua watu. Nikaitwa.

Bwana mkubwa akaniuliza kama naweza kuyapata majina hayo. Nilipaswa kusema sijui. Lakini juu ya meza palikuwa na kalamu ya chuma, wino mweusi na karatasi nyeupe isiyo na mstari. Na kiti cha karani kilikuwa kitupu. Nikasema kwamba wanawake kisimani wanasema mengi, na mimi nina masikio.

Akasema niketi.

Nikaandika polepole, nyuso nilizoziona bondeni na majina niliyoyasikia baadaye kisimani. Herufi zilisimama vizuri ajabu. Nilipofika jina la kumi nikaishiwa. Nikahesabu tena. Kumi. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Ndipo nikakumbuka wa kumi na moja ni nani. Jasho likanitoka mpaka likadondoka karibu na wino.

Bwana mkubwa akasema bado mmoja.

Nikafikiri kwa haraka. Siku ile Mshangano kulikuwa na watu kumi na wawili, si kumi na mmoja, ukimhesabu aliyekuja mwishoni. Na aliyekuja mwishoni alikuwepo, hakuna anayeweza kukataa. Mimi sikuandika kwamba alikunywa. Juu ya karatasi hapakuwa na neno kunywa. Palikuwa na majina tu. Nikaandika: Makarius wa Gama, Maposeni.

Ni kweli tupu. Alikuwepo.

Bwana mkubwa akaishika karatasi mbali na uso, kama mtu anayetazama picha. Akasema hajapata kuona mwandiko kama huu katika bara zima. Nitapewa chakula cha boma.

Jumanne, tarehe 6 Februari 1906

Leo shauri. Nilikaa kwenye meza ya Bwana mkubwa, upande wa kushoto, na daftari jipya.

Walioletwa ni saba. Wanne wa ile orodha walikwisha kufa vitani au kwa njaa. Wote wamekonda, maana mashamba yamechomwa na watu wanachimba mizizi. Makarius alikamatwa juzi Maposeni akimlimia mama yake. Alifungwa mnyororo mmoja na baba yake, shingo kwa shingo.

Bwana mkubwa alipoona jina lake akaniuliza kama huyu si yule mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza. Nikasema ndiye. Akatikisa kichwa, akasema ndio hawa tunaowafundisha.

"Ulikuwa Mshangano siku ile?" akamuuliza.

"Nilikuwepo, Bwana. Nilikwenda kumtoa baba yangu."

"Ulikunywa?"

"Sikunywa."

"Nani aliona kwamba hukunywa?"

Makarius alinitazama. Nilikuwa nachovya kalamu. Niliendelea kuchovya.

"Wapo walioona," alisema. "Wakipenda watasema."

Bwana mkubwa akanigeukia, akataka kujua nilisikia nini juu ya kijana huyu. Ningesema hakunywa, angeniuliza nimejuaje. Mtu akishaulizwa amejuaje, safari yake imefika mwisho. Nikasema, "Mimi nilisikia majina, Bwana. Nani alikunywa na nani hakunywa, sikusikia."

Hapo Mzee Gama akainua uso. Macho yake ni meupe sasa. "Mwanangu hakunywa," alisema. "Aliyekunywa nyuma yangu alikuwa kijana mgeni, wa kutoka Tunduru. Alikuwa na kofia."

Nikavua kofia, nikaikalia.

Bwana mkubwa akauliza ni kijana gani. Mzee akasema hawezi kumwonyesha, lakini akisikia sauti yake atamjua. Kisha akageuza kichwa kuelekea kwangu, akangoja. Kikohozi kilinibana, nikakizuia. Shauri likaendelea. Maswali yote niliyoulizwa baada ya hapo nimejibu kwa kuandika. Bwana mkubwa ameona ni adabu.

Hukumu: Mzee Gama na wengine watano, kunyongwa. Makarius, kwa kuwa ni kijana na haijulikani alifanya nini, mnyororo miaka mitatu, apelekwe pwani.

Nimeiandika mwenyewe. 

Ijumaa, tarehe 9 Februari

Shangazi anafunga mizigo.

Amekuwa akipeleka uji kwa wafungwa, kidogo kilichobaki. Theodosia, dada wa Makarius, alimkuta mlangoni na wakaingia pamoja. Sikutaka kusikia walichoambiwa. Shangazi alinieleza hata hivyo. Hakupaza sauti. Nilikuwa nimezoea apaze sauti.

"Nilimuuliza Makarius kama yule kijana wa Tunduru ni wewe," alisema. "Akanyamaza. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimemlea, namjua, kuni alizokwenda kutafuta siku ile hakurudi nazo. Akasema, ndiyo, mama."

Nikamwambia kwamba ile orodha ni ya kweli. Alikuwepo.

"Kijana yuko kwenye mnyororo, jina lako liko mdomoni mwake, na hajalitema," alisema. "Nimemuuliza kwa nini. Akasema, wakimnyonga Majaliwa baba yangu hatapona. Na wewe mama utabaki na nani?"

Nikamuuliza sasa mbona anaondoka, kama Makarius mwenyewe hataki yeye abaki peke yake. Nilidhani ni hoja nzuri. Shangazi akachukua chungu chake cha uji akakigeuza, akamwaga mchanga uliokuwa ndani, akakifunga kwenye kanga.

Anarudi Tunduru kwa miguu. Njiani hakuna chakula. Nikamwambia angoje msafara. Akasema hawezi kula chakula cha boma.

Theodosia alikuwa amesimama nje, anamngoja. Atamsindikiza mpaka mtoni. Nilimwambia pole kwa yaliyowapata. Hakuitikia. Watu wa mapadri walikuwa na adabu zamani.

Jumatano, tarehe 14 Februari

Jumatatu walinyongwa. Mimi ndiye niliyesoma majina kwa sauti, maana ni kazi ya karani. Nilipofika jina la Mzee Gama, akasema polepole, "Ndiye huyo." Askari walidhani anaitikia jina lake.

Leo Makarius ameondoka na mnyororo wa wafungwa kwenda pwani. Nilipanda ukutani kutazama. Hakutazama nyuma hata mara moja.

Nimekaa nikifikiri. Yeye aliitaka pwani, anakwenda pwani. Mimi niliyehangaika bado niko Songea, na sina mtu wa kunipikia uji. Dunia haina haki.

Jumatatu, tarehe 7 Mei

Bwana mkubwa mpya ameingia wiki iliyopita, yule wa zamani amerudi kwao. Mpya amekuja na karani wake kutoka Dar es Salaam, mtu mwenye miwani, anayejua Kijerumani cha kweli. Alikagua madaftari yangu siku tatu. Akasema mwandiko ni mzuri sana, lakini hesabu za ghala zote si sahihi, nimejumlisha magunia na tarehe. Nimeondolewa kitini. Chakula cha boma pia kimekatwa.

Lakini sikukata tamaa. Shule imefunguliwa tena, banda jipya, mwalimu mpya. Nikaomba kurudi kama mwanafunzi, na nimekubaliwa. Nafasi ya Tanga iko pale pale, moja. Mwaka jana tulikuwa kumi na saba. Kati ya hao tumerudi watatu. Wengine ni vita, wengine ni njaa. Wameongezwa wapya watatu, jumla sita. Ukipiga hesabu, bahati yangu imekua karibu mara tatu.

Nimekaa mstari wa mbele mapema, hakuna aliyenizuia. Mwalimu akauliza nani anajua kusoma. Nikasimama. Lakini nyuma yangu akasimama kijana mmoja wa wale wapya, anaitwa Edmund, amekonda kama ufito, na akasoma ukurasa mzima bila kukwama hata mahali pamoja. Mwalimu akamwita aje mbele. Nikaambiwa nisogee.

Nimesogea bila ubishi. Nimejifunza kuwa na subira. Wakati wa mapumziko nikamfuata Edmund chini ya ukuta, nikampa nusu ya muhogo wangu. Akashukuru sana, akaula wote hapo hapo, akasema hajala tangu jana. Nikamwambia wanafunzi lazima tujuane, tuwe ndugu. Nikamuuliza kwao ni wapi. Akasema karibu na Mshangano. Nikamuuliza wako wangapi nyumbani, akanihesabia.

Kisha nikamuuliza, kwa upole kabisa, mwaka jana mwezi wa nane baba yake alikuwa wapi.